Sofi za Ujiji: Gharama na Ubora wa Shanga Zilizokuwa Fedha

Mwaka jana, katika mjadala wa darasani kuhusu biashara ya misafara, mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba wazee wetu walikuwa wajinga: walitoa meno ya tembo wakapewa vipande vya chupa. Darasa lilicheka. Nami nilicheka.

Jioni ile nilirudi nyumbani Buyenzi nikamkuta bibi amekaa barazani anachambua mchele. Nikamsimulia maneno ya darasani, nikitarajia naye acheke. Hakucheka. Aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na kopo la maziwa ya unga lililoshika kutu. Ndani ya kopo mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa uzi wenye shanga 16 nyekundu. Akaniwekea kiganjani. “Haya, mjukuu wangu. Nenda kavunje chupa, uniletee iliyovunjika ikawa hivi.”

Insha hii ni jaribio la kumjibu mwenzetu yule, na pia kujijibu mimi niliyecheka. Swali langu ni la kibiashara zaidi kuliko la kisiasa. Ushanga uliofika kwenye ziwa letu la Tanganyika katika karne ya 19 uligharimu nini, ulikuwa na ubora gani, na nani alikuwa na mamlaka ya kusema huu ni mzuri na huu haufai?

Nianze na kiwanda. Shanga nyingi za kioo zilizoingia Afrika Mashariki wakati huo zilitoka Venice, ambako tanuri za kioo zilihamishiwa kisiwa cha Murano tangu mwaka 1291, na nyingine zilitoka Bohemia. Namna ya kuzitengeneza inashangaza kwa wepesi wake. Fundi huchota bonge la kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya bomba la chuma, akalitia tundu la hewa katikati. Fundi wa pili hubandika chuma chake upande wa pili wa bonge. Kisha watu hawa wawili huachana, kila mmoja akienda mbio upande wake katika ujia mrefu, na bonge lile huvutika mpaka likawa mrija mwembamba kama unyasi, tundu lake likiwa bado katikati. Mrija ukipoa hukatwa vipande vidogo. Wakitaka shanga za mviringo, vipande hivyo huchanganywa na unga wa kuziba matundu, kisha huzungushwa motoni mpaka ncha kali zikalainika. Baada ya hapo wanawake wa mjini Venice walizitunga kwenye nyuzi kwa ujira mdogo, na zikiwa katika nyuzi hizo zilipakiwa melini.

Kwa hiyo ni kweli kwamba ushanga mmoja, ukiwa bado Murano, ulikuwa kitu cha bei ndogo sana. Mbio moja ya mafundi wawili ilizaa maelfu. Lakini hata pale kiwandani shanga hazikuwa sawa. Nyekundu za bibi, ukiziangalia kwenye tundu, ni nyeupe ndani: kioo cheupe kimevikwa ngozi ya kioo chekundu. Hiyo ni kazi ya vyungu viwili na mikono miwili, na rangi nyekundu ya kioo ni ngumu kuipata kuliko nyeupe au buluu. Nilizipeleka kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya kale hapa mjini. Alizigonga kwenye meno, akaziinua kwenye mwanga wa jua, kisha akachoma sindano kwa kiberiti na kuigusisha kwenye mmoja. Plastiki ingeyeyuka. Huu haukufanya kitu. “Ni zenyewe,” akasema, akataja bei ambayo sitaiandika hapa kwa sababu bibi atasoma insha hii.

Richard Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji Februari 1858, aliandika kwamba aina za shanga zilizokuwa zikipita katika biashara ya bara zilikaribia 400. Katika orodha yake zilizopendwa na kuthaminiwa kupita zote ni hizihizi nyekundu zenye moyo mweupe, zilizoitwa samesame. Zilikuwa na majina ya utani pia. Moja lilikuwa kimara-pamba, yaani kinachomaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kutoa chakula chake ili azipate. Jingine lilikuwa kifunga-mji, kwa madai kwamba wanawake wangefilisi waume zao kwa ajili yake. Majina hayo yanatokana na kicheko cha wanaume wa misafara, na mwanafunzi wa historia asiyachukue kama ushahidi juu ya tabia za wanawake. Lakini yanatuonyesha jambo moja lililo wazi: soko lilikuwa na daraja, na kila mtu alilijua daraja la juu.

Shanga hazikuuzwa kwa kuhesabu moja moja njiani. Zilipimwa kwa uzi. Kipimo kidogo kiliitwa kete, na kete 10 zilifanya fundo moja. Kete ilipimwa kwa mwili, kwa kuzungusha uzi kati ya kidole gumba na kiwiko. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa maana mikono haifanani. Muuzaji angependa kupimiwa na mtu mrefu, na mnunuzi angemtafuta mtu mfupi. Neno kete limebaki katika lugha yetu, nasi tunalitumia bila kufikiri tunapocheza bao. Kete ni kile unachokipanda shimoni na kukila kwa mwenzako. Sidhani ni jambo la bure kwamba neno moja linabeba kitu cha kuchezea na kitu cha kununulia, ingawa sitaki kujenga hoja nzima juu ya neno.

Sasa tumwangalie mfanyabiashara mgeni. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akijitayarisha kumtafuta David Livingstone, na kitabu chake kinaonyesha jinsi suala la shanga lilivyomsumbua akili. Aliambiwa kwamba nyekundu zilikubaliwa Unyamwezi na nyingine zote hapo hazikutakiwa. Nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, lakini ukitoka Ugogo hazikuwa na maana. Nyeupe zilifaa Ufipa na sehemu za Usagara, na zikadharauliwa Ukonongo. Zile kubwa kama mayai, sungomaji, zilithaminiwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa, na kwingineko zilikataliwa. Ilimbidi akadirie atakaa siku ngapi katika kila nchi na kuwalisha watu wake kwa kete ngapi kila siku. Mwishowe alinunua magunia 22.

Nawaomba wasomaji wenzangu watulie kidogo kwenye hesabu hiyo. Mtu mwenye fedha za gazeti kubwa la New York nyuma yake anasimama katika maduka ya Unguja akiogopa ladha ya mwanamke wa Ugogo asiyemjua. Akikosea rangi, watu wake watalala njaa. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, na mpagazi alilipwa kwa kila hatua ya njia hata kama alichobeba kingekataliwa mwisho wa safari. Katika biashara hii aliyeshika shanga mbaya alikuwa muuzaji, na hasara ilikuwa yake. Basi nikirudi kwenye kauli ya darasani, naona ina kasoro ya kwanza hapa: watu wanaodanganywa hawachagui. Hawa walichagua kwa ukali mpaka viwanda vya Ulaya vikalazimika kupokea sampuli kutoka Afrika na kuchonga kazi yao kufuatana nazo, rangi kwa rangi na unene kwa unene.

Kasoro ya pili ni ya gharama. Burton aliondoka pwani Juni 1857, akafika Ujiji Februari mwaka uliofuata. Alikawia sana njiani kwa maradhi na kwa kusubiri wapagazi, lakini hata msafara wa haraka ulihitaji miezi kadhaa kati ya Bagamoyo na ziwa. Katika miezi hiyo mlikuwa na posho, hongo kwa kila mtemi, wapagazi waliotoroka, mito iliyofurika. Ushanga uliofika Ujiji ulikuwa umebeba ndani yake gharama ya miguu hiyo yote. Kioo chenyewe kilikuwa sehemu ndogo ya bei. Mtu wa Ujiji aliyetoa pembe akapokea shanga alikuwa akinunua kioo pamoja na umbali, na umbali huo ndio uliozifanya shanga ziwe adimu.

Tunaweza kuona nini hutokea umbali ukiondolewa. Katikati ya karne hiyohiyo kampuni za Hamburg, zikiwemo O'Swald na Hertz, zilianza kununua kauri katika pwani yetu na kuzipeleka kwa meli hadi Afrika Magharibi, ambako kauri zilikuwa fedha tangu zamani. Kauri za kwanza zilizozoeleka kule zilitoka visiwa vya Maldives, ndogo na nyepesi. Za pwani ya Unguja zilikuwa kubwa na mbaya zaidi kwa sura, lakini zilipatikana kwa bei ndogo. Meli zilizimwaga kwa tani. Watu wa huko walizipokea kwa thamani ndogo kuliko zile za Maldives, na baada ya miaka michache zote mbili zilishuka, mpaka mtu alihitaji mpagazi wa kubebea fedha za kununulia kitu kidogo. Ujiji haikupata msiba huo mapema kwa sababu tu hakuna meli iliyoweza kupanda hadi ziwani.

Nimefika sasa kwenye sehemu iliyonifanya niandike, nayo ni soko la Ujiji lenyewe. Lilikuwa soko la kila siku karibu na ufuko. Samaki walitoka ziwani, chumvi ilitoka Uvinza, mawese yalikuja kwa mitumbwi, mengi yao kutoka pwani hii yetu ya Urundi; palikuwa na nafaka, mbuzi na tumbaku. Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alifika hapo mwaka 1874 na kueleza fedha ya soko hilo. Ilikuwa aina moja ya shanga iliyoitwa sofi, yenye sura ya vipande vilivyovunjika vya shina la kiko. Asubuhi soko lilipofunguliwa, watu fulani walikaa na mikoba iliyojaa sofi. Mwenye kutaka kununua aliwapa shanga za aina nyingine, akapewa sofi. Jioni wauzaji waliwarudishia watu wale sofi walizokusanya, wakachukua shanga za aina nyingine. Wenye mikoba walipata faida asubuhi, wakapata faida jioni.

Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kitu nilichokiona kwenye filamu. Katika kasino huchezi kwa fedha. Unafika dirishani, unatoa noti, unapewa vibao vya duara vya rangi mbalimbali, na ukimaliza unavirudisha dirishani. Wenye michezo ya karata siku hizi huviagiza vibao hivyo kiwandani vikiwa vya kauri, vyenye rangi na alama yao wenyewe, na hulinganisha bei na ubora kwa makini: uzito wake mkononi, ukingo usiomomonyoka, picha isiyobanduka, ukubwa usiopishana hata kidogo. Namba iliyoandikwa juu ya kibao haina uhusiano wowote na bei ya kukitengeneza. Kinachotakiwa ni kwamba vifanane, visighushiwe kwa urahisi, na nje ya jengo lile visifae kitu.

Sofi zilikuwa hivyohivyo. Ukiyafuata maelezo ya Cameron, zilikuwa kazi rahisi kuliko samesame: mrija uliokatwa tu. Hapa kuna jambo lililonichukua muda kulielewa. Nilidhani fedha ya soko kubwa namna ile ingekuwa ushanga bora kuliko wote. Kumbe ushanga bora ulivaliwa. Samesame iliyoingia nyumbani ilitungwa kiunoni au shingoni na haikutoka tena, isingeweza kuzunguka. (Mambo ya shanga za kiunoni nawaachia waliooa.) Sofi haikumtamanisha mtu kuivaa, na ilifanana na mwenzake kwa umbo. Kwa kazi ya kuhesabia, huo ndio ubora. Tukilinganisha samesame na sofi kwa gharama ya kiwandani, samesame inashinda. Tukizilinganisha kwa kazi ya sokoni, sofi inashinda.

Lakini nisimsahau mama aliyetoka Urundi na chungu cha mawese. Alipiga kasia usiku, akauza mawese yake kwa sofi, na sofi hizo hakuweza kurudi nazo kwao zikamfaa sana. Ilimbidi apitie kwa mwenye mkoba kabla jua halijazama, na mwenye mkoba alijua kwamba mtumbwi unasubiri. Ubora wa sofi ulikuwa na bei, na walioilipa ni watu wa mbali wenye haraka. Sioni kwamba alikuwa mjinga. Naona alikuwa mtu asiye na dirisha jingine la kwenda.

Kuna jambo gumu zaidi, na insha inayotetea heshima ya wazee wetu ikiliruka itakuwa ya uongo. Katika soko lile la Ujiji waliuzwa watu pia. Walivushwa ziwa kutoka Manyema na kwingineko, wakabadilishwa kwa nguo na shanga. Familia nyingi za Waswahili wa Bujumbura zina mizizi ng'ambo ya ziwa, na yetu ni mojawapo. Nilipomuuliza bibi jinsi babu yake alivyokuja kutoka Umanyema, alijibu kwa maneno mawili: “Hakuja. Aliletwa.” Kisha akaendelea na mchele wake.

Tangu siku hiyo nimeshindwa kuziangalia shanga 16 kwa namna moja. Inawezekana ni urithi wa mwanamke aliyejua kuchagua. Inawezekana pia ni sehemu ya fundo lililopimwa upande mmoja na mtu amesimama upande wa pili. Uchaguzi mkali niliousifu hapo juu, wa rangi na moyo mweupe na tundu lililonyooka, ulikuwa mikononi mwa wale waliokuwa na kitu cha kuuza. Aliyekuwa bidhaa hakuchagua. Kwa hiyo jibu langu kwa mwenzetu limebadilika nilipokuwa nikiandika. Sidhani tena kwamba kosa lake ni kuwadharau wazee. Kosa lake ni kusema “wazee wetu” kana kwamba wote walikaa upande mmoja wa mzani.

Ndani ya Burundi penyewe mambo yalikuwa tofauti na Ujiji. Stanley na Livingstone walipanda ziwa kwa mtumbwi mwezi Novemba 1871 hadi kaskazini, wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani na hautoki. Jiwe la Mugere, kusini mwa mji wetu, linakumbusha safari hiyo. Njiani walilipa kwa nguo na shanga kama kila msafiri. Lakini milimani juu ya Uzige, utawala wa Mwezi Gisabo haukuwafungulia mlango wafanyabiashara wa pwani, na majeshi ya Rumaliza yaliyojaribu kuingia kwa nguvu yalirudishwa. Amasaro yalipanda milimani kidogokidogo, mkono kwa mkono, kama pambo. Utajiri wa kweli kule ulikuwa ng'ombe na majembe, na hakuna mwenye mkoba wa sofi aliyewahi kukaa Muramvya kufungua soko.

Mwisho wa sofi haukuwa na kishindo. Wajerumani walileta rupia, na kuanzia mwaka 1904 heller 100 zilifanya rupia moja. Kodi ilitakiwa kwa sarafu. Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma, jirani kabisa na Ujiji, na umbali uliokuwa ukiilinda thamani ya shanga ukafutwa. Miaka miwili baadaye Wajerumani wenyewe walionja tatizo la kukosa fedha: vita vilipowafungia bahari, walifua sarafu Tabora katika karakana ya reli, za shaba kwa maganda ya risasi na mizinga, na za rupia 15 kwa dhahabu, zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Za shaba ni mbovu, kingo zimepinda. Zilipokelewa hata hivyo, kwa sababu aliyezitoa ndiye aliyekuwa akidai kodi.

Bibi hakuhitaji kusoma hayo. Juni 2023, ilipotangazwa kwamba noti za franka 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 zinaondolewa na kwamba kuna siku 10 za kuzirudisha, mama alikimbilia kwenye foleni na akiba ya nyumba, akafanikiwa. Bibi alibaki barazani. Alisema alisikia kwa mama yake kwamba hata shanga zilifika siku zikakataliwa, na kwamba waliokuwa nazo nyingi walizifukia, na waliokuwa nazo chache walizivaa.

Kabla ya kuwasilisha insha hii nilimwomba aniazime ushanga mmoja ili wenzangu darasani wauone moyo wake mweupe. Alinyamaza sana. Kisha akafungua fundo la uzi kwa meno, akateremsha mmoja kiganjani mwangu, akafunga tena, akahesabu zilizobaki mbele yangu kwa sauti, moja hadi 15, akaniangalia usoni, na akahesabu mara ya pili.